Jackie Robinson: Mwanamichezo Aliyekataa Kurudi Nyuma ya Basi



Mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani huanza kwa hesabu za ada na huishia kwenye mpira. Mzee mmoja atakumbuka bao alilofunga akiwa pekupeku. Mwingine atakumbuka lori lililonasa kwenye matope ya Makambako, timu ikiwa njiani kutoka Iringa kwenda Mbeya. Na wote watakubaliana kwamba vijana wa siku hizi hawajui kupiga krosi. Hayo ni mazungumzo mazuri, na Mungu atujalie tuyarudie miaka mingi. Lakini mara chache tunaulizana swali lililo gumu zaidi. Mchezaji akivua jezi na kutoka uwanjani, anakuwa nani? Wale waliomshangilia saa kumi jioni watamtendeaje saa mbili usiku, akiwa abiria wa kawaida ndani ya basi?

Safari hii tumechagua kusimulia maisha ya mtu aliyekutana na swali hilo uso kwa uso. Jina lake ni Jackie Robinson, Mmarekani Mweusi, aliyefariki mwaka 1972. Wengi wetu tumesikia habari zake kama mchezaji wa besiboli. Wachache wanajua kwamba kabla ya besiboli alikuwa mwanafunzi wa chuo na mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, katika msimu mmoja uliotikisa jiji la Los Angeles wakati vita kuu ya pili ilipokuwa inaanza huko Ulaya. Msomaji akifika mwisho ataona pia kwamba jina la Robinson linatuhusu sisi wa Nyanda za Juu Kusini kuliko anavyodhani.

KUZALIWA NA KUKUA

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari, 1919, karibu na mji mdogo wa Cairo katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Wazazi wake, Jerry na Mallie, walilima shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye shamba, mtindo uliowaacha Weusi wengi wa kusini katika madeni yasiyokwisha. Jack alipokuwa bado mtoto mchanga, baba yake aliondoka nyumbani na hakurudi. Mwaka 1920 mama yake aliwakusanya watoto wote watano, akapanda nao treni na kusafiri hadi upande wa pili wa nchi, mji wa Pasadena, jimbo la California.

Mallie Robinson alifanya kazi ya kufua na kusafisha nyumba za watu. Kwa kazi hiyo aliwalea watoto wake, na baadaye akafanikiwa kupata nyumba katika mtaa uliokuwa wa Wazungu. Majirani hawakufurahi, na baadhi walijaribu kuwahamisha. Mama yule hakuhama. Alikaa, akawa jirani mwema kwa waliotaka na wasiotaka, mpaka wakamzoea. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu somo la kwanza la kukataa kuhama Jackie alilipata nyumbani kwa mama yake, miaka mingi kabla ya kuingia jeshini.

Pasadena haikuwa na ubaguzi wa wazi kama Georgia, lakini ubaguzi ulikuwapo. Bwawa la kuogelea la manispaa liliwaruhusu Weusi siku moja tu katika wiki. Kaka yake Jackie, Matthew, ambaye watu walimwita Mack, alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1936 alikwenda Berlin kwenye Michezo ya Olimpiki na kupata medali ya fedha katika mbio za meta 200, nyuma ya Jesse Owens peke yake, kwa tofauti ya sehemu nne za kumi za sekunde. Aliporudi Pasadena na medali yake, kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia barabara. Jackie alikuwa na miaka 17. Aliona kwa macho yake kwamba medali haifungui kila mlango.

MSIMU WA 1939

Baada ya shule ya sekondari Jackie alisoma miaka miwili katika chuo cha Pasadena, na mwaka 1939 akajiunga na Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ambacho kwa kifupi huitwa UCLA. Vyuo kadhaa vilimtaka kwa sababu ya michezo. Yeye alichagua cha karibu na nyumbani, hasa kwa ajili ya kaka yake mwingine, Frank, aliyekuwa mshangiliaji wake mkubwa. Mwaka huohuo Frank akafa katika ajali ya pikipiki. Jackie aliingia msimu wake wa kwanza UCLA akiwa na msiba moyoni.

Kwa faida ya vijana, ni vema tueleze kidogo mchezo wenyewe. Wamarekani wanauita mpira wa miguu, ingawa miguu ina kazi ndogo ya kuupiga. Mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi. Kila upande una wachezaji 11. Kati ya mstari wa bao wa timu moja na ule wa timu nyingine kuna yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mwenye mpira hukimbia au huwarushia wenzake, na wapinzani humvamia mwili kwa mwili mpaka wamwangushe chini. Ni mchezo wa nguvu, lakini pia ni mchezo wa hesabu, kwa kuwa kila hatua moja ya mbele inapimwa.

UCLA mwaka huo ilikuwa na kocha mpya, Edwin Horrell. Lakini jambo lililowashangaza watu lilikuwa kikosi chenyewe. Wakati ule timu nyingi za vyuo vikuu vya Marekani hazikuwa na Mweusi hata mmoja, na vyuo vingi vya majimbo ya kusini vilikataa hata kucheza na timu iliyokuwa naye. UCLA ilikuwa na wanne: Kenny Washington, Woody Strode, Ray Bartlett na Jackie Robinson. Washington ndiye aliyekuwa nyota. Alikimbia na mpira, alirusha pasi, na alikaba. Strode alikuwa mrefu na mwenye nguvu, akicheza pembeni. Robinson alikuwa na kasi na uwezo wa kubadili mwelekeo ghafla, mpinzani akabaki ameshika hewa. Katika msimu ule, kila alipopewa mpira akakimbia nao, alisogea kwa wastani wa zaidi ya yadi 11. Anayeujua mchezo huo atakuambia kwamba nusu ya hesabu hiyo ingetosha kumfanya mtu awe maarufu.

Vita ilikuwa imeanza Ulaya Septemba ile. Marekani ilikuwa bado haijaingia, na viwanja vilijaa kama kawaida. Mchezo wa kwanza UCLA iliifunga Texas Christian, chuo kilichokuwa bingwa wa nchi mwaka uliotangulia, pointi 6 kwa 2. Ikaishinda Washington 14 kwa 7, ikatoka sare na Stanford 14 kwa 14, kisha ikazishinda Montana, Oregon na California. Zikafuata sare mbili, dhidi ya Santa Clara na Oregon State, halafu ushindi juu ya Washington State. Mpaka Desemba timu ilikuwa haijafungwa, ikabakiza mchezo mmoja tu, dhidi ya majirani na watani wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Southern California. Mshindi angekwenda kwenye mchezo mkubwa wa mwaka mpya, ule wa Rose Bowl, unaochezwa Pasadena, mjini kwao Jackie.

Mchezo huo ulichezwa tarehe 9 Desemba, 1939, na watazamaji walizidi 103,000. Tulinganishe: Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam ukijaa unachukua watu 60,000. Timu zote mbili zilikaba kwa ukali na hakuna aliyepata pointi. Dakika za mwisho UCLA ikausukuma mpira mpaka hatua chache tu kutoka mstari wa bao la wapinzani. Walijaribu mara tatu kupenya katikati, wakazuiwa. Ikabaki nafasi moja. Wangeweza kupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti wapate pointi tatu, au warushe pasi watafute bao kamili. Wachezaji walikusanyika wakapiga kura palepale uwanjani, na kura zikagawanyika. Wakaamua kurusha. Washington akarusha, na beki wa wapinzani akaupangua mpira. Mchezo ukaisha bila kufungana, na kwa taratibu za ligi yao Southern California ndiyo iliyopata nafasi ya Rose Bowl. UCLA ikamaliza msimu kwa kushinda michezo sita, sare nne, na bila kufungwa hata mara moja.

Kila aliyewahi kuvaa jezi ya shule anajua jinsi sare ya namna hiyo inavyokaa moyoni kuliko kipigo. Lakini tutazame kilichowapata wale vijana baada ya makelele kwisha. Kenny Washington, ambaye mwaka ule hakuna mchezaji wa chuo nchini mwote aliyesogeza mpira mbele kwa yadi nyingi kumshinda, hakupewa nafasi katika ligi ya kulipwa. Tangu 1934 ligi hiyo ilikuwa haina Mweusi hata mmoja, kwa makubaliano yasiyoandikwa ya wenye timu. Yeye na Strode walisubiri mpaka 1946, miguu imeshachoka, ndipo wakasajiliwa na timu ya Los Angeles Rams. Watu zaidi ya 103,000 walikuwa wamewashangilia, lakini hapakuwa na mwenye timu hata mmoja aliyewaajiri.

KUACHA CHUO

Robinson alibaki UCLA msimu wa 1940. Washington na Strode walikuwa wameondoka, na timu ilishinda mchezo mmoja tu ikapoteza tisa. Vijana wanaocheza katika timu dhaifu wasikate tamaa: hata huyu alipita humo. Wakati huohuo alikuwa akifanya maajabu katika michezo mingine. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa UCLA kuiwakilisha rasmi katika michezo minne, yaani kandanda ya Kimarekani, mpira wa kikapu, riadha na besiboli. Mwaka 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vyote vya nchi katika kuruka mbali. Na la kuchekesha ni kwamba besiboli, mchezo uliokuja kumpa jina duniani, ndio uliokuwa mbovu kwake kuliko yote pale chuoni.

Mwaka huo alimpata pia Rachel Isum, mwanafunzi aliyekuwa akisomea uuguzi, ambaye alikuja kuwa mkewe mwaka 1946 na mshauri wake mpaka kufa.

Mapema mwaka 1941, miezi michache kabla ya kumaliza, Robinson aliacha chuo. Mama yake alimsihi asiache. Rachel alimsihi. Mchungaji wake kijana, Karl Downs, alimsihi. Lakini yeye alikuwa ameshawishika kwamba shahada haitamsaidia Mweusi kupata kazi ya maana, na alitaka kumpunguzia mama yake mzigo. Ukikumbuka medali ya Mack na ufagio wake, utaelewa hesabu aliyoipiga. Hata hivyo ilikuwa hesabu ya kukata tamaa, na sisi wazee wa shule hatuwezi kuisifu. Baadaye tutaona jinsi yeye mwenyewe alivyojitahidi ili vijana wengine wasifikie mahali pa kuipiga.

Alifanya kazi kidogo katika kambi ya vijana, kisha akaenda visiwa vya Hawaii kucheza kandanda ya kulipwa katika timu ya Honolulu, huku mchana akifanya kazi ya ujenzi karibu na bandari ya Pearl Harbor. Msimu ulipokwisha alipanda meli kurudi nyumbani tarehe 5 Desemba, 1941. Siku mbili baadaye ndege za Wajapani zilishambulia Pearl Harbor. Robinson alikuwa bado baharini. Mabaharia walipaka rangi nyeusi madirisha ya meli ili mwanga usionekane usiku, na abiria wakajua kwamba Marekani sasa imo vitani.

VITA NDANI YA VITA

Miaka hiyo hata huku kwetu vita ilifika. Vijana wa Iringa na Mbeya waliingia katika King's African Rifles, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Wakimbizi wa Kipoland waliwekwa Ifunda na Kidugala. Wazee waliorudi kutoka Burma walisimulia jambo ambalo Robinson angelielewa mara moja: waliambiwa wanapigania uhuru wa watu, halafu wakarudi katika nchi ambayo wao wenyewe hawakuwa huru.

Robinson aliitwa jeshini mwezi wa Aprili, 1942, na kupelekwa Fort Riley, jimbo la Kansas. Aliomba kuingia mafunzo ya uofisa. Sifa alikuwa nazo, lakini maombi ya Weusi yaliwekwa kando mwezi hata mwezi. Kwa bahati njema bingwa wa ngumi wa dunia, Joe Louis, alikuwa askari katika kambi hiyohiyo. Louis alilipeleka jambo hilo kwa wakubwa wa Washington, na mlango ukafunguliwa. Januari 1943 Robinson akavishwa cheo cha luteni.

Kambi ilikuwa na timu ya kandanda, na wakubwa walimtaka Robinson acheze. Wapinzani wa kwanza walikuwa Chuo Kikuu cha Missouri, ambao walitoa habari kwamba hawatashuka uwanjani na timu yenye Mweusi. Jeshi halikuwakatalia Missouri. Badala yake lilimpa Robinson likizo ya kwenda nyumbani, ambayo hakuwa ameitegemea. Alipotambua sababu ya ukarimu huo, alirudi kambini akasema hachezi tena. Ofisa mmoja alimkumbusha kwamba anaweza kuamriwa kucheza. Robinson akajibu kwamba ni kweli, lakini hakuna amri inayoweza kumfanya mtu acheze vizuri. Wakamwacha.

Hapa ndugu msomaji atulie kidogo. Mtu huyu aliupenda mchezo kuliko chakula. Timu ilimhitaji, naye angepata sifa na raha za kambini. Lakini aliona kwamba timu inayokubali kumficha siku ya mgeni si timu yake. Kocha yeyote atatuambia kwamba nidhamu ni kutii, na ni kweli. Lakini nidhamu ina pande mbili. Timu nayo ina deni kwa mchezaji wake, na deni la kwanza ni kutomwacha peke yake.

KITI CHA BASI

Mwaka 1944 Robinson alihamishiwa Camp Hood, jimbo la Texas, katika kikosi cha vifaru cha 761, kilichokuwa cha askari Weusi. Jioni ya tarehe 6 Julai, 1944, alipanda basi la jeshi. Alimkuta mke wa ofisa mwenzake, mama Mweusi mwenye rangi nyeupe kiasi, akakaa karibu naye katikati ya basi. Dereva alitazama nyuma, akadhani ofisa Mweusi amekaa na mwanamke wa Kizungu. Akamwamuru ahamie viti vya nyuma.

Robinson hakuhama. Aliamini kwamba kanuni za jeshi hazimlazimishi kukaa nyuma ya basi la jeshi, na alisema hivyo. Dereva alitisha, akapiga kelele, na walipofika kituoni akaita polisi wa jeshi. Katika ofisi ya walinzi Robinson alihojiwa kwa dharau, na yeye akajibu kwa ukali kwamba anadai heshima ya cheo chake. Matokeo yake ni kwamba yeye ndiye aliyeshtakiwa, kwa kosa la kutowaheshimu na kutowatii wakubwa.

Kamanda wake, Kanali Paul Bates, Mzungu, alikataa kutia sahihi hati ya mashtaka. Jeshi likamhamishia Robinson katika kikosi kingine, na kamanda wa huko akatia sahihi. Kesi ilisikilizwa tarehe 2 Agosti, 1944, mbele ya maofisa tisa. Mashahidi wa upande wa mashtaka walipingana, Bates akaja kutoa ushahidi kwamba Robinson ni ofisa mwema, na mahakama ikamwachia huru. Lakini kikosi cha 761 kilikuwa kinajiandaa kuondoka kwenda Ulaya, ambako kilipigana kwa ushujaa, na Robinson hakwenda nacho. Novemba 1944 aliondolewa jeshini kwa heshima, bila kuona medani ya vita. Vita yake ilikuwa imepiganwa katika kiti cha basi.

Tufahamu kwamba mama Rosa Parks, ambaye wengi tumesoma habari zake, alikataa kuhama kiti huko Alabama mwezi wa Desemba, 1955. Robinson alimtangulia kwa miaka kumi na moja. Hakupata maandamano ya kumuunga mkono, na siku ile hakujua kama ataishia uwanjani au gerezani.

NGUVU YA KUJIZUIA

Sehemu inayofuata ndiyo dunia inayoijua. Mwaka 1945 Robinson alichezea Kansas City Monarchs, timu ya ligi ya Weusi ya besiboli. Besiboli kubwa ya Marekani ilikuwa haina Mweusi tangu miaka ya 1880. Tarehe 28 Agosti, 1945, Branch Rickey, kiongozi wa timu ya Brooklyn Dodgers, alimwita ofisini. Rickey alikuwa na nia ya kuvunja ukuta huo, na alitaka mtu mwenye ushupavu wa kutosha kutorudisha pigo. Robinson, yule aliyekataa kuhama kiti, alitakiwa akubali kutukanwa bila kujibu, mpaka nafasi ya Weusi iwe imara.

Alikubali. Mwaka 1946 alicheza Montreal, Kanada, akaongoza ligi yake kwa kupiga mpira. Tarehe 15 Aprili, 1947, akashuka uwanjani na Dodgers, jezi namba 42 mgongoni. Alitukanwa na wachezaji wa timu pinzani, alirushiwa mpira kichwani, alitumiwa barua za kutishiwa kuuawa, na katika miji kadhaa alikataliwa hoteli walimolala wenzake. Hakujibu kwa ngumi. Alijibu kwa mchezo. Mwisho wa msimu alichaguliwa mchezaji bora miongoni mwa wapya. Mwaka 1949 alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 1955 timu yake ilichukua ubingwa wa nchi. Alistaafu baada ya msimu wa 1956, na mwaka 1962 akaingizwa katika jumba la kumbukumbu la mashujaa wa mchezo huo.

Wapo wanaosema kwamba alikuwa mpole kwa asili. Aliyesoma habari za Camp Hood hawezi kusema hivyo. Alikuwa mtu wa hasira, na aliishika hasira yake kwa kusudi. Mwaka 1944 ujasiri ulikuwa kukataa, na mwaka 1947 ujasiri ulikuwa kuvumilia. Kujua lini ni lini ndiyo busara yenyewe.

Hakuwa malaika. Mwaka 1949 alikubali kwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kumpinga mwimbaji mkuu Paul Robeson, Mweusi mwenzake aliyekuwa akisakamwa kwa siasa zake. Watu wengi waliumia. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1972 Robinson aliandika kwamba heshima yake kwa Robeson ilikuwa imeongezeka, na kwamba asingekubali tena mwito wa namna ile.

UHUSIANO WAKE NA SISI

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Afrika Mashariki, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilitoa nafasi chache mno. Nafasi zilipatikana, lakini nauli ya ndege haikuwapo. Jackie Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua ya kuwaomba wananchi wa Marekani wachangie. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81, wengi wao wa Kenya, na ndege zilizofuata zilichukua vijana kutoka nchi nyingine pia, Tanganyika ikiwamo. Mtu aliyeacha chuo mwaka 1941 kwa kuamini kwamba elimu haimsaidii Mweusi, alisimama mwaka 1959 akiomba fedha ili Weusi wasome. Hayo ndiyo majibu aliyoyatoa kwa mama yake, ingawa yalichelewa miaka kumi na minane.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa migumu. Mwanawe wa kwanza, Jackie Mdogo, alijeruhiwa katika vita vya Vietnam, akaingia katika dawa za kulevya, akajinasua, kisha akafa katika ajali ya gari mwezi wa Juni, 1971. Robinson mwenyewe aliugua kisukari na moyo, na macho yakafifia. Alifariki tarehe 24 Oktoba, 1972, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka 1997 namba 42 iliondolewa katika timu zote za ligi kuu ya besiboli kwa heshima yake.

Na mwanawe wa mwisho, David? Huyo alihamia Tanzania katika miaka ya 1980, akafyeka pori na kupanda kahawa katika Wilaya ya Mbozi, wakati huo Mkoa wa Mbeya na leo Mkoa wa Songwe. Akaungana na wakulima wadogo wa huko kutafuta soko la kahawa yao Marekani. Kwa hiyo mjukuu wa Mallie, yule mama aliyelima shamba la mwenye mali kule Georgia asibakiwe na kitu, amelima shamba lake mwenyewe kwenye udongo wetu. Msomaji akipita barabara ya Tunduma na kuona mibuni inachanua, akumbuke.

Vijana wetu, mtakwenda uwanjani Jumamosi hii na nyingine, na sisi wazee tutawashangilia. Chezeni kwa bidii. Lakini jueni kwamba makofi huisha jua likizama. Siku moja mtu atawaamuru mhame kwenye kiti ambacho ni haki yenu, au timu itataka kumficha mwenzenu kwa sababu ya kabila lake, dini yake au umaskini wa kwao. Hapo hapatakuwa na mwamuzi wala filimbi. Itakubidi uamue mwenyewe, na kumbukumbu ya uamuzi huo utaishi nayo muda mrefu kuliko kombe lolote lililomo katika kabati la shule.